Ubao Mzuri Hausemwi

Neno zuri, ndugu mzazi, si mbegu useme ukilifukia litaota. Ni chakula. Ukilifungia kabatini linavunda humo humo, na mtoto anashinda na njaa huku harufu anaisikia. Mama mmoja, mke wa mwanajeshi mstaafu, aliyajua haya maji yakiwa yameshamfika shingoni. Kisa chake kinaelezwa hapa ili mwenye mtoto aliye karibu naye leo asingoje kesho.

Mumewe mtaa mzima ulimwita Koplo. Ndicho cheo alichostaafu nacho, na alitembea nacho kifuani hata akiwa amevaa fulana iliyotoboka. Sehemu kubwa ya maisha yake jeshini hakuimalizia vitani. Aliimalizia uwanjani akifundisha kuruta, wale askari wapya wanaoingia kambini na nywele zao na deko zao za nyumbani, na kabla jua halijazama vyote viwili vimeshanyolewa. Kazi yake ilikuwa kukaripia, na Mungu alimpa koo la kazi hiyo.

Alipostaafu, wenzake wengine walifungua maduka, wengine walifungua chupa. Yeye alifungua karakana ya mbao za plastiki uani kwake. Plastiki zilizotupwa zilikusanywa, madumu yaliyopasuka, ndoo zisizo na vishikio, vifuniko, viti vilivyovunjika mguu, zikachambuliwa kila aina na fungu lake. Mkewe alizifua kwenye karai kubwa kama mtu anayefua nguo, akazianika mpaka zikauke kabisa, maana unyevu ukiingia kwenye moto unaacha mapovu ndani ya ubao. Zikishakauka zilisagwa vipande vidogo kama punje za mahindi, zikayeyushwa, na ule uji mzito ukasukumwa ndani ya kalibu, yaani masanduku ya chuma, marefu na membamba, yanayoupa ubao umbo lake. Kisha kalibu zilizamishwa kwenye tangi la maji zipoe. Hapo ndipo palipokuwa na mtihani. Ubao ukitolewa mapema, nje umekuwa mgumu lakini ndani bado ni uji, na kesho yake utaukuta umejikunja kama mtu anayeumwa tumbo.

Koplo aliipenda kazi ile kuliko alivyoonyesha kupenda kitu kingine chochote. Alisema ubao wa mti una jamaa wengi mno, mchwa, mvua, kuvu na jirani anayetafuta kuni. Wa plastiki hauna ndugu. Mchwa akiung'ata, alisema, atatafuta daktari wa meno.

Mkewe aliona jambo jingine. Mtu yule ambaye hakuweza kumsubiri mtoto amalize sentensi, aliweza kukaa juu ya ndoo asubuhi nzima akisubiri kalibu ipoe, na wala hakununa. Siku moja alimuuliza subira ile ameitoa wapi.

"Plastiki huwezi kuikaripia," Koplo alimjibu. "Kelele haisikii. Inasikia moto na kungojewa."

Mama aliinama kwenye karai lake. Moyoni aliuliza, na watoto je? Lakini hakulitoa.

Ubao ukishatoka, Koplo aliuinua upande mmoja, akafumba jicho moja, akautazama urefu wake wote kuona kama umenyooka, kisha akaugonga kwa kifundo cha kidole. Ukiwa mbovu, hata majirani walijua. Ukiwa mzuri aliuweka kwenye rundo, akachukua mwingine, kimya. "Ubao mzuri hausemwi," ndiyo iliyokuwa kauli yake. Jeshini ndivyo walivyolelewa. Kuruta akikosea, jina lake linasikika mpaka jikoni. Akipatia, mkufunzi anapita mbele yake bila kufungua mdomo, na kimya kile ndicho sifa. Kambini kila mtu anaijua sheria hiyo, hahitaji kuambiwa. Koplo aliibeba mpaka nyumbani kwake pamoja na sanduku lake la bati, na haikumpitia akilini kwamba nyumbani hakuna mtu aliyepita kambini.

Mtoto wao wa mwisho alikuwa wa kike. Walimwita Kitinda kwa kuwa yeye ndiye aliyefunga mlango. Wakubwa zake walishaoa na kuolewa wakaenda zao, hivyo alipomaliza shule aliingia karakanani akawa mkono wa kulia wa baba yake. Alikuwa na jicho. Ni yeye aliyebuni kuweka vifuniko vya kahawia pamoja na madumu ya manjano bila kuvikoroga sana, ubao ukatoka na mistari kama mti wa kweli. Seremala wa jirani, mtu wa maneno mengi asiyekosa misumari mdomoni, aliupapasa ubao ule, akaunusa, akawauliza wameuiba msitu gani. Kitinda alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akageuka kumtazama baba yake.

Koplo aliuinua, akafumba jicho, akagonga. Akauweka kwenye rundo. Alisema kesho waanze mapema, akaenda kunawa mikono.

Mama aliyaona yote. Binti alibaki amesimama na glavu mkononi, kama abiria aliyepungia gari likampita.

Jioni, wakishaoga, watu hao watatu walikaa sebuleni kutazama tamthilia. Wakati ule ilikuwa imevuma moja ya maisha ya kuruta, na ukipita mtaani ungesikia filimbi na "kushoto kulia" kutoka kila dirisha. Kitinda hakuikosa. Koplo naye hakuikosa, ila yeye aliitazama kama mkaguzi aliyetumwa kufunga kiwanda. Akimwona kuruta mwenye nyusi za kuchonga, aliuliza kambi gani hiyo yenye saluni. Mkufunzi akimvuta kuruta pembeni amshauri mambo ya moyo, Koplo alitaka kujua yule ni mkufunzi au mshenga. Viatu vya mazoezi vikionekana vinang'aa, alisema miguu iliyomo ndani haijaenda popote. Mama alicheka mpaka machozi, na binti naye alicheka. Zilikuwa jioni tamu, hilo lisifichwe.

Mara nyingine alisema mambo yasiyochekesha. Kuruta walipokimbizwa kwenye mvua na muziki mkubwa ukipigwa, alisema kule hakuna muziki. Unasikia pumzi yako na ya mwenzako basi, na yako ndiyo inayokutisha. Na siku moja, macho yakiwa kwenye televisheni, alisema kama mtu anayejisemea, "Hawa wanamvunja mtu, unapita wimbo mmoja, ameshaungika. Kuvunja tulifundishwa. Kuunga hatukufundishwa." Mama alimtazama, akangoja aendelee.

Ikafika siku ya mwisho ya tamthilia, kuruta wamemaliza mafunzo, wamepiga gwaride mbele ya wazazi wao. Yule mkufunzi mkali kuliko wote alimwendea msichana mmoja aliyeteseka tangu mwanzo, akamwekea mkono begani, akamwambia anajivunia yeye. Kitinda alilia. Hakulia kwa kelele, machozi yalishuka tu naye akayafuta kwa kiganja.

Koplo akaangua kicheko.

"Uongo mtupu," alisema. "Hakuna mkufunzi anayesema hivyo. Mimi nimetoa kuruta wengi kuliko nywele zangu, sijamwambia hata mmoja. Mkufunzi akinyamaza mbele yako, hiyo ndiyo medali yako."

Alisema maneno hayo akimtazama binti yake usoni. Kwa hesabu ya moyo wake, siku ile alikuwa amemwambia kila kitu. Alikuwa amemwambia, tazama, mara ngapi nimenyamaza mbele yako. Lakini alichokisikia binti ni kile kicheko. Aliinuka akasema anakwenda kulala, na nje jua lilikuwa halijazama vizuri.

Haukupita muda, wakiwa wanachambua plastiki, Kitinda alisema kwamba anataka kwenda kujiandikisha jeshi. Alilisema akiwa ameinama, kama anayezungumza na ndoo. Mama aliachia dumu likamwangukia mguuni, wala hakusikia maumivu. Koplo hakuinua kichwa haraka. Alipokiinua aliuliza jambo moja.

"Miguu yako ikoje?"

"Mizima."

"Haya."

Mama alimvizia mumewe siku binti alipotoka kupeleka mbao kwa mteja. Alimwambia kwamba mtoto haendi kutafuta jeshi. Anakwenda kutafuta mtu wa kumwekea mkono begani. Kitu chenyewe kiko hapa nyumbani, kimekaliwa kama kuku anavyokalia yai viza. Mwite, alimwambia, mwambie neno moja tu, ndipo umwache achague.

"Anajua," Koplo alisema.

"Nani kamwambia?"

"Mbao zake ngapi nimezikataa?"

"Hujakataa hata mmoja."

"Basi. Unataka nimwambie nini tena?"

Mama aliona kwamba mwenzake hafanyi ukaidi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshatoa na anadaiwa tena. Hapo ndipo hofu ilipomwingia hasa, kwa sababu mkaidi unaweza kumbembeleza, lakini anayeamini ameshafanya utamwanzia wapi?

Akajaribu upande wa pili. Alikaa kitandani kwa binti yake, akamwambia baba yako anakupenda, anakusifu sana nikiwa naye peke yetu. Huo wa mwisho ulikuwa uongo wa mama, na binti aliujua.

"Mama, wewe umekuwa mkalimani wake tangu nizaliwe," Kitinda alisema, akamshika mkono. "Mimi nataka nimsikie mwenyewe."

Aliomba, akaitwa, akapimwa, akapita. Asubuhi ya safari walimsindikiza wote wawili mpaka pale gari lilipokuwa likichukua vijana. Njiani mama alimbana mumewe kwa kiwiko, naye akaitikia kwa kichwa kuonyesha amekumbuka. Alikuwa amemwahidi mkewe usiku kwamba atalisema lile neno moja. Alikohoa, akasogea mbele ya binti yake, akamtazama kuanzia juu mpaka chini. Binti naye alisimama amenyooka, macho yamefunguka, kifua kimepanda.

Koplo akapiga magoti pale pale kwenye vumbi. Akafungua kamba za viatu vya binti yake, kiatu cha kwanza na cha pili, akaanza kuzifunga upya, akiruka tundu hapa, akilegeza juu ya kifundo, akikaza chini. Ni ufungaji wa askari wa zamani, unaomwezesha mtu kutembea mwendo mrefu bila kamba kukata mguu. Ufungaji ule hakuwahi kumfundisha kuruta yeyote. Alijifunza mwenyewe kwa vidonda vyake.

"Ulifunga vibaya," alisema.

Vijana wengine walikuwa wakitazama, mmoja akacheka. Kitinda aliangalia mbele, juu ya kichwa cha baba yake, mpaka alipomaliza. Kisha akamkumbatia mama yake, akapanda gari.

Gari lilipoondoka mama aligeuka awake moto, akamkuta Koplo amesimama na vumbi magotini, macho yakilifuata gari.

"Nimemwambia," alisema.

Huko kambini simu zilikuwa zinawekwa kabatini, kuruta wanaruhusiwa kupiga nyumbani Jumapili tu, kwa foleni. Mwanzoni Kitinda alipiga akicheka, akasimulia walivyonyolewa, jinsi anavyoota amelala na viatu. Kisha sauti ikaanza kupungua. Jumapili moja alisema mguu unamsumbua. Mama alimuuliza unauma vipi.

"Hapa juu, karibu na nyonga. Pahala pamoja tu, naweza kupagusa kwa kidole. Ila usimwambie baba. Atasema mimi mlegevu. Tumebakiza mwendo mrefu wa mwisho na mizigo, halafu gwaride."

Mama alimsihi aende kwa daktari wa kambi. Kitinda alisema anayekwenda kwa daktari sasa anarudishwa nyuma kuanza upya na kundi jingine. Nyuma yake foleni ilikuwa inapiga kelele, simu ikakatika.

Mama hakuficha. Alitoka na maneno hayo mdomoni mpaka uani, akayamwaga yote mbele ya mumewe. Koplo alikuwa anasukuma uji wa plastiki kwenye kalibu. Akaacha, uji ukamwagika chini ukaganda, naye hakuutazama.

"Amesema pahala pamoja?"

"Pamoja."

"Kwa kidole kimoja?"

Mama alipoitikia, Koplo alikaa chini. Alimweleza kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia. Mguu ukiuma wote, alisema, hiyo ni kazi, utapona ukilala. Maumivu yakiweza kufunikwa na ncha ya kidole, huo ni mfupa umeanza kuingia ufa. Kila mkufunzi anajua. Na kuruta wanaomaliza mafunzo ndio wanaoficha, kwa kuwa wameshaona gwaride. Alikuwa amewaona wengi wakificha, na wengine aliwaona akanyamaza.

Alipiga simu kambini ikawa haipokelewi. Alfajiri alisafiri. Getini alimkuta askari kijana, akajieleza, akataja cheo chake, akaeleza habari ya mguu. Kijana alimjibu kwa heshima zote kwamba wazazi hawaingii mpaka siku ya gwaride. "Mzee, humu ndani hakuna mtoto wa mtu. Kuna askari." Koplo alimsimulia mkewe baadaye kwamba hakuweza kumkasirikia, kwa sababu maneno yale aliyajua. Ni yeye na wenzake waliokuwa wakiwajibu wazazi hivyo hivyo, miaka ile, geti la namna hiyo hiyo. Alivuka barabara akakaa juu ya jiwe. Alikuwa bado yupo pale gari la wagonjwa lilipotoka.

Kuruta walikuwa wameshaanza mwendo kabla hajafika. Kitinda alitembea karibu safari nzima na mzigo mgongoni. Wenzake walisema alikuwa anauma mdomo, damu inatoka, lakini hakutoka kwenye mstari. Nyumba za kambi zilipoanza kuonekana, mfupa wa paja ukakatika juu, karibu na nyonga. Walisema mlio wake ulisikika.

Mama alifika hospitali akakuta ameshapasuliwa, ametiwa vyuma. Uso ulikuwa mdogo, kichwa hakina nywele, akafanana na siku alipozaliwa. Mama aliweka shavu lake kwenye shavu la mtoto wake, wakakaa hivyo. Koplo alisimama upande wa miguuni, hakusogea karibu.

Mama alimuuliza swali ambalo mama yeyote angeuliza, kwa nini hukusema, mwanangu, kwa nini hukukaa chini.

Kitinda alijibu polepole, dawa zikiwa bado zimo mwilini. Alisema karibu na mwisho mkufunzi wao, yule mkali kuliko wote, alikuja akatembea ubavuni pake. Alimtazama mguu, akamtazama uso. Aliwakaripia wote, huyu kwa mzigo wake, yule kwa mwendo wake. "Mimi hakuniambia kitu. Alinitazama tu, akapita kimya. Nikajua bado sijamridhisha. Nikaongeza mwendo."

Chuma cha kitanda kililia. Mama aligeuka akaona Koplo amekishika kwa mikono yote miwili. Alikuwa amefungua mdomo. Katika chumba kile yeye peke yake ndiye aliyejua kwa hakika kwamba kile kimya kilikuwa medali, na hakuweza kulisema hilo, kwani kulisema kungekuwa kumkata mtoto mara ya pili. Alitoka nje. Muuguzi alimkuta kwenye korido ameegemea ukuta, akamletea kiti.

Kitinda alirudishwa nyumbani na shukrani za jeshi. Gwaride la wenzake lilipita akiwa kitandani. Mguu uliunga, lakini uliunga mfupi, akawa anatembea na fimbo, bega moja likishuka kila hatua. Tamthilia hakuitaka tena. Baada ya miezi alirudi karakanani, maana kukaa ndani kulimtia wazimu. Wakamwekea kiti karibu na tangi la maji, awe anatoa kalibu zilizopoa.

Ndipo Koplo akaanza kusema. Alikuwa kama bomba lililopasuka. Kitinda akiokota kifuniko, vizuri sana mwanangu. Akipanga madumu, hakuna anayepanga kama wewe. Akinywa chai akamaliza, safi kabisa. Seremala alisikia mara moja akatoa misumari mdomoni, akauliza kama Koplo siku hizi amemeza mzinga wa nyuki. Hakuna aliyecheka, akairudisha misumari. Mama alipaswa kufurahi. Ndicho alichokiomba. Lakini alimtazama binti yake akaona kila neno linamgusa kama mkono wa mtu anayemsaidia kuvuka barabara bila kuombwa. Hakuwa anasifiwa. Alikuwa anashikiliwa asianguke, na alilijua hilo kuliko wote.

Asubuhi moja nyonga ilikuwa inamuuma, kiti kimemchosha, naye akatoa ubao kwenye kalibu kabla ya wakati wake. Ulikaa juani ukaanza kujikunja. Koplo alikuja akauinua, akafumba jicho moja, akautazama urefu wake wote. Mama, aliyekuwa karaini, aliona hata kwa mbali jinsi ulivyopinda. Koplo aliugonga kwa kidole.

"Mzuri huu, mwanangu," alisema. "Mzuri kuliko zote." Akauweka kwenye rundo la mbao nzuri.

Kitinda alichukua fimbo yake akainuka. Alikwenda mpaka kwenye rundo, bega likishuka na kupanda, akauvuta ubao ule, akafumba jicho moja kama alivyofundishwa.

"Baba, huu umepinda."

"Kidogo tu."

"Ungekuwa wa mtu mwingine ungeupitisha?"

Koplo alipangusa mikono kwenye suruali. Binti hakuonyesha hasira, alizungumza taratibu, na hilo ndilo lililomkata mama maini.

"Zile za zamani," alisema, "kabla sijaondoka. Zilikuwa nzuri?"

"Zile?" Koplo alisema. "Sijawahi kuona mbao kama zile. Maishani mwangu sijawahi kuona."

Kitinda alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea habari za msiba alioshauhisi.

"Ungeniambia nikiwa na miguu miwili, baba."

"Nilikuwa nakuambia kila siku," Koplo alisema. "Nilidhani unasikia."

Binti aliukokota ubao mpaka kwenye lundo la kusagwa, akautupa, akaendelea kutembea mpaka ukutani akasimama huko amewapa mgongo. Koplo alibaki pale pale, mikono imeshuka pembeni, amenyooka kama mtu aliyeamriwa kusimama na aliyemwamuru ameondoka. Mama aliinuka kwenye karai, maji yakimchuruzika mpaka viwikoni, akasimama katikati ya ua, asijue aende kwa nani kwanza.